Namjibu Bwana wa Koti

"Akili mnayo, vijana wa huko, lakini moyo hamna."

Maneno hayo nilipewa na bwana mmoja aliyevaa koti, Jumapili saa kumi na moja na nusu jioni, nje ya ukumbi mmoja ng'ambo ya Salenda, muda mfupi baada ya kuyatupa kwa mikono yangu mwenyewe mashindano ya chesi ambayo mpaka adhuhuri ya siku hiyo nilikuwa nayaongoza. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetoa rambirambi, huku akijipepea na karatasi ya ratiba. "Huko" alikokusudia ni Chanika. Alikuwa ameniuliza natokea wapi, nikamwambia, akakunja uso kidogo kisha akasema, "Ahaa, kule baada ya Pugu." Ndiyo mzee, kule kule. Baada ya Gongo la Mboto, baada ya Pugu Kajiungeni, ukishadhani mji umekwisha, bado tupo.

Nilimshukuru. Ndivyo nilivyolelewa, mkubwa akikuambia neno unasema ahsante kwanza, mengine baadaye. Lakini kwenye daladala, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni mwangu, yale maneno yakaanza kuchemka, na mpaka leo hayajapoa. Kwa hiyo hayo "mengine baadaye" nayasema hapa, hadharani, kwa sababu yule bwana si mmoja. Mabwana wa koti ni wengi, tena wengine hata koti hawana.

Mhariri kaniuliza chesi inaingiaje kwenye gazeti la hadithi na mashairi. Nikamwambia asome hadi mwisho, akiona haiingii aitupe. Ukiiona hapa ujue hakuitupa.

Kwanza nikiri kosa langu, maana asiyekiri kosa hana haki ya kubisha.

Mashindano yalikuwa ya siku mbili, raundi sita, kila mchezaji ana saa moja kwenye saa ya mchezo. Jumamosi nilishinda michezo yote mitatu. Jumapili asubuhi, raundi ya nne, nikapangiwa kijana mmoja mtulivu, mwenye chupa yake ya maji na ndizi mbivu mbili mezani. Nilimpelekesha. Kufikia saa sita kasoro amebakiwa na mfalme peke yake, kajibanza kwenye kona, nami nina mfalme na malkia. Mchezo huo hata mtoto aliyefundishwa wiki moja anaumaliza. Mimi nilikuwa nimebakiwa na dakika 3, yeye 11. Dakika 3 zinatosha na nyingine ya kunywea chai. Mfalme wake yuko h8. Nikamweka malkia wangu g6, nikabonyeza saa, nikaegemea kiti kama pedejee.

Kijana akatazama ubao, akanitazama, akanyoosha mkono. Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Mfalme wake hajashambuliwa, na hana pa kukanyaga. Kwenye chesi hiyo ni sare.

Je, sheria hiyo sikuijua? Naijua kuliko namba yangu ya simu, nimewafundisha hata wengine. Ila mimi kabla ya chesi nilikuwa mtu wa drafti, na kwenye kijiwe chetu cha drafti ukimziba mwenzako akakosa pa kusogea, umeshinda, watu wanapiga kelele na yeye anapisha benchi. Saa ilipoanza kunitisha, kichwa kilikimbia, na mkono ukabaki peke yake. Mkono ukafanya ulichokizoea tangu utotoni.

Lakini hilo si kosa kubwa. Ni nusu pointi, na bado nilikuwa juu. Kosa kubwa ndilo lililofuata: raundi ya tano niliicheza nikiwa bado nimo kwenye raundi ya nne. Macho yako kwenye ubao huu, roho iko kwenye ile g6. Hatua ya kumi na nne nikamwacha farasi wangu aliwe bure, wala sikuona mpaka alipokwisha kuondolewa. Raundi ya sita hata rangi niliyochezea siikumbuki vizuri. Ndipo akaja bwana wa koti.

Sasa tuulizane kiungwana: huo moyo ambao mimi sina ni kitu gani? Nilivyomwelewa yule mzee, moyo ni kama pua. Unazaliwa nao. Mwenzako kapewa mkubwa, wewe mdogo, basi. Na kwa maajabu ya Mungu, mioyo mikubwa yote imezaliwa ng'ambo ya Salenda, na sisi wa baada ya Pugu tukagawiwa akili tupu za kwenda kupotezea mjini.

Nabisha. Na sibishi kwa hasira tu.

Desemba 2024, huko Singapore, Ding Liren wa China, bingwa wa dunia tangu 2023, alikuwa anacheza mchezo wa kumi na nne, wa mwisho, dhidi ya kijana wa Kihindi, Gukesh. Walikuwa sawasawa kwa pointi. Ubao wenyewe ulikuwa wa sare, kila mtaalamu aliyekuwa anatazama alisema ni sare. Hatua ya 55 Ding akaipeleka ngome yake f2, mahali ambapo iliweza kubadilishwa, na ngome zikiondoka mchezo umekwisha. Gukesh alipoona, hakuamini. Ndiyo ilikuwa mwisho wa ubingwa wa Ding. Je, naye ametokea Chanika? Naye akili anayo moyo hana? Huyo ni mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho katika karne na zaidi ya ubingwa wamekikalia watu wachache mno.

Na huyo Gukesh aliyeshinda, mwenye miaka 18, bingwa mdogo kuliko wote waliopata kutokea, alikuwa ameupoteza mchezo wa kwanza kabisa wa pambano lile. Tena kabla ya pambano alikuwa akifanya kazi na Paddy Upton, Mwafrika Kusini, ambaye kazi yake ni kuwaandaa wanamichezo kichwani. Upton huyo ndiye aliyekuwa na timu ya kriketi ya India ilipotwaa Kombe la Dunia 2011. Sasa bwana wangu, kama moyo ni pua, mwalimu wa pua ni wa nini?

Au tumchukue Kasparov, ambaye kila mtu anamsifu kuwa na moyo wa simba. Septemba 1984, Moscow, ana miaka 21, anamkabili Karpov aliyekuwa bingwa tangu 1975. Sharti lilikuwa moja: wa kwanza kushinda michezo 6, sare hazihesabiwi. Simba wetu akarukia, akashambulia, akapigwa. Baada ya michezo 9 alikuwa nyuma 4 kwa bila. Bwana wa koti angekuwa Moscow angeshatoa rambirambi. Ndipo Kasparov akafanya jambo ambalo halipendezi hata kulisimulia: akaacha kunguruma. Akacheza sare. Kesho yake sare. Sare 17 mfululizo! Akafungwa tena, 5 kwa bila, bado mmoja tu azikwe. Akaendelea kukataa kufa, siku baada ya siku, mpaka mchezo wa 32 alipopata ushindi wake wa kwanza. Februari 1985 wakubwa wa shirikisho la dunia wakalisimamisha pambano, limefika michezo 48, miezi mitano imepita, Karpov 5, Kasparov 3, sare 40. Likaandaliwa pambano jipya, na Novemba 1985 yule yule kijana akawa bingwa.

Watu husoma habari hii wakaona moyo. Mimi naona kazi. Naona mtu aliyegundua katikati ya moto kwamba silaha yake haifai, akajifunza nyingine hapo hapo. Nguruma ya simba alizaliwa nayo pengine. Zile sare 17 hakuzaliwa nazo.

Tena alikuwa na mwalimu. Kasparov alisoma katika shule ya Botvinnik, bingwa wa mwaka 1948, mzee ambaye mara mbili alinyang'anywa taji na akalirudisha: Smyslov akamnyang'anya 1957, akamrudia 1958, Tal akamnyang'anya 1960, akamrudia 1961. Na hebu sikia Botvinnik alivyojiandaa. Alikuwa hapendi moshi wa sigara, na zama hizo wachezaji walivuta mezani. Je, alilalamika kwamba hana moyo wa kuvumilia moshi? La hasha. Alimwita rafiki yake Ragozin, wakacheza michezo ya mazoezi, na Ragozin akawa anampulizia moshi usoni makusudi, redio inapiga kelele pembeni. Mpaka moshi ukawa si kitu.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kama kichaa. Maana Botvinnik, pamoja na ubingwa wake, ilibidi aombe msaada ili apate kile ambacho sisi Chanika tunakipata bure, kila siku, saa kumi jioni, chini ya mwembe.

Njoo ukione kijiwe. Ubao ni kipande cha plaiwudi, miraba imechorwa kwa kalamu ya wino, ya katikati imefutika kwa kuburuzwa kete. Kete zenyewe ni vizibo vya soda, vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Wachezaji wawili, watazamaji kumi na tano. Bodaboda zinapita zikipiga honi, spika ya duka la simu haijazimwa tangu asubuhi, muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Na maneno! "Kijana, hiyo hatua umefundishwa na shangazi yako?" "Mpisheni, anawahi kwenda kulia kwao." Ukifungwa unapisha, hakuna kuomba marudio, unasimama nyuma unaungana na wanaocheka, na unangoja zamu yako ambayo huenda isifike kabla ya magharibi. Mimi nimeanza kukaa pale nikiwa na miaka 9. Nimefungwa pale mbele ya baba yangu mdogo, mbele ya wanafunzi wenzangu, na siku moja mbele ya msichana ambaye sitamtaja.

Halafu mtu anasema hatuna moyo! Mtoto anayefungwa hadharani mara nne kwa jioni moja, akachekwa, na kesho saa kumi yuko pale pale wa kwanza, huyo kakosa moyo gani?

Wala wasituambie huu mchezo ni mgeni kwetu, kwamba tumeuvamia ukubwani. Neno sataranji limo katika Kiswahili tangu zamani, limetujia kwa njia ya Waarabu na Waajemi, na asili yake ni India. Na watu wa pwani hii hawakungoja chesi ndipo wajue kukaa kimya na kuhesabu. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na atakayesema ni mchezo wa kupotezea muda akacheze na wazee wa Unguja ndipo arudi tuzungumze.

Basi hapo najua wenzangu wa kijiwe mnapiga makofi. Ngojeni kwanza. Sasa zamu yenu.

Kijiwe kinampa mtu ngozi ngumu, hilo nimelisema na silirudishi. Lakini ngozi ngumu ni nusu tu ya kazi. Angalieni tunavyofungwa. Mtu akifungwa, kete zinakusanywa, zinapangwa upya, basi! Mchezo umekufa, hauna hata kaburi. Kesho tunabishana: "Jana nilikupiga tano." "Lini wewe? Ulipigwa wewe!" Hakuna anayejua. Nawajua watu wazima, nawaheshimu, wamecheza drafti miaka 20 na wanafungwa kwa mtego ule ule waliofungwa nao mwaka wa kwanza. Wanafungwa kwa ushujaa, wanasimama wanacheka, kesho wanaingia tena mle mle. Huo tunauita moyo. Mimi nauita usahaulifu uliovaa nguo za moyo.

Na hilo ndilo lililoniua ng'ambo ya Salenda. Nilikwenda na ngozi ya kijiwe peke yake. Kelele sikuziogopa, kuchekwa sikukuogopa. Lakini ukumbi ule ulikuwa kimya! Hakuna aliyenicheka baada ya g6. Hakuna aliyesema neno. Kijiweni kosa lako linachekwa pale pale, linakwisha, unapisha. Ukumbini hakuna wa kukucheka, kwa hiyo unabaki nalo wewe mwenyewe, linakucheka kwa ndani raundi mbili nzima. Hapo sikuwa na zoezi lolote.

Zoezi lipo, na lilikuwa mkononi mwangu. Kwenye mashindano ya namna ile kila mchezaji anatakiwa kuandika hatua zote, zake na za mpinzani, katika karatasi. Wengi wetu tunaiona karatasi ile kama usumbufu wa mjini. Nilipotoka ukumbini nilizichana zangu za Jumapili nikazitupa kwenye pipa, na sikuwa peke yangu, pipa lilikuwa limejaa. Watu wanatunza karatasi za ushindi na kuchana za kufungwa. Botvinnik alifanya kinyume. Aliichambua michezo yake mwenyewe na kuitoa magazetini, na makosa yake humo, ili kila mwenye macho apate kumwambia: hapa ulikosea, na hapa uchambuzi wako wenyewe una kosa. Huo ndio moshi wa pili aliojipulizia, na ni mkali kuliko wa Ragozin.

Mtasema siku hizi simu inachambua. Ni kweli. Unaingiza mchezo kwenye programu, sekunde moja, nyekundu: hapa umekosea. Ahsante. Lakini simu haijui kwamba wakati unasogeza ile kete ulikuwa unawaza nauli. Haijui kwamba ulikuwa umeshashinda kichwani na unatunga utakavyowasimulia kijiweni. Inakuambia hatua ilikuwa mbaya, haiwezi kukuambia kwa nini mtu mwenye akili timamu aliicheza. Hilo unalijua wewe, tena unalijua kwa saa chache tu, ukilala umeshajitungia uongo mzuri.

Tangu siku ile nina daftari la mistari, la kawaida la shule. Kila ninapofungwa naandika kabla ya kugusa simu: saa ngapi, nilikula nini, hatua gani, nilikuwa nawaza nini. Nimeshaandika vipigo 23. Siringi navyo, ila vimenifundisha kuliko ushindi wangu wote. Katika 23, mara 14 sikupotea pale palipokuwa pagumu. Nilipotea mara tu baada ya mpinzani kunishtua, nikajibu papo hapo kuonyesha sikushtuka. Ubishoo! Kijiweni ukifikiri sana watu wanakuzomea, kwa hiyo nimejizoesha kujibu haraka ili nisionekane nimeogopa. Basi sasa nikishtuliwa nakalia mikono. Kwa kweli, naikalia, chini ya mapaja, mpaka nihesabu pumzi kumi. Washkaji wanacheka. Wacheke, ndiyo moshi wenyewe.

Na ile g6 nimeirudisha kijiweni. Kila jioni, drafti ikishapoa, napanga mfalme na malkia dhidi ya mfalme, naweka dakika 3 kwenye simu, na muuza kahawa kapewa kazi ya kunipigia kelele sikioni: "Muda! Muda! Muda unakwisha wewe!" Mwanzoni nilimziba mfalme mara mbili kati ya kumi. Sasa yapata wiki sita sijamziba.

Kingine ni cha katikati ya mchezo na mchezo. Natoka nje, nanunua muhogo au maji, naliandika kosa, nalitamka mara moja kwa sauti, nafunga daftari. Kulifukua ni kesho. Hilo bado linanishinda, nasema ukweli. Mara nyingine nalifungua tena.

Kuna wengine wameligundua soko. Siku hizi mjini kuna semina za kujenga fikra, kiingilio na cheti, mtu kashika maikrofoni anawaambia mseme "mimi ni mshindi" mara tatu. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Ila mtu akikwambia mwaka mzima kwamba wewe ni mshindi halafu hajawahi kukuuliza ulifungwaje juzi, huyo anakuuzia koti.

Na Katwe nayo wameigeuza semina. Habari ya Phiona Mutesi wa Uganda mnaijua, kuna kitabu cha 2012 na sinema ya 2016. Binti wa mtaa wa mabanda Kampala, mwaka 2005 anakwenda kwenye kibanda cha kocha Robert Katende kwa sababu kuna uji, anajifunza chesi, anafika Olimpiki ya chesi. Watu wakitoka sinema wanasema: ona kipaji! Ona moyo! Wanaruka katikati. Aliyemfundisha namna kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Fikiria aibu hiyo, kufundishwa na kufungwa na mtoto wa chekechea, na kesho unarudi. Mwaka 2010 alifika Khanty-Mansiysk, Siberia, akiichezea Uganda, na michezo aliyofungwa ilizidi aliyoshinda. Olimpiki iliyofuata, Istanbul 2012, akarudi na cheo cha kimataifa cha wanawake. Toka uji wa 2005 mpaka cheo ni miaka 7. Kati yake kuna jioni ngapi za kupanga kete na Katende na kuulizwa: hapa ulikuwa unawaza nini? Hilo swali ndilo lililojenga, na linahitaji mtu wa kuliuliza na mahali pa kuliulizia. Katwe kulikuwa na kibanda. Chanika tuna mwembe. Mwembe unatosha, tukiweka daftari.

Bwana wa koti, bado nina neno moja na wewe. Jumapili ile niliamka saa kumi alfajiri. Daladala mbili, zote kwa kusimama, ili nikae mezani saa tatu. Nauli ilipokwisha kutoka, iliyobaki ilikuwa ya kurudi. Sikula mpaka jioni. Silisemi ili nionewe huruma, Mutesi alikula kidogo kuliko mimi, na yule kijana mwenye ndizi mbili alinikaba kihalali, wala hakuniibia. Nalisema kwa sababu moyo nao unakula. Katika daftari langu, vipigo vya mchana wa njaa ni vingi kuliko vya asubuhi. Neno lako "moyo hamna" ni jepesi sana kulitamka, maana likishatamkwa hakuna tena haja ya kuuliza kwa nini mashindano yote yako upande mmoja wa daraja, na kwa nini raundi ya kwanza lazima iwe saa tatu.

Sasa mhariri, nakujibu na wewe. Sisi tunaoandika tunafanya nini na vipigo vyetu? Hadithi ikirudishwa, tunaichana. Shairi tunamsomea rafiki ambaye tunajua atasema "kali hiyo." Enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, mshairi akitoa beti zake mwezi huu alijua mwenzake wa mji mwingine aweza kumjibu mwezi ujao, kwa vina, kwamba amekosea, na nchi nzima inasoma. Naye anajibu tena. Walikuwa na kijiwe na daftari kwa pamoja, kosa linachekwa na kosa linabaki limeandikwa. Sisi tumebaki na makofi. Ndiyo maana nimeileta chesi hapa, na ndiyo maana naomba atakayeniona nimekosea katika haya aandike toleo lijalo, jina langu alitaje.

Karatasi ya raundi ya nne, niliyoichana, nimejaribu kuiandika upya kwa kumbukumbu. Nimefika hatua ya 38. Hapo ndipo nilipobakiwa na chini ya dakika 5, na sheria inamruhusu mtu aliyefikia hapo kuacha kuandika, nikaacha. Yeye alikuwa na muda, kwa hiyo aliendelea kuandika, zake na zangu, mpaka ile g6. Mwisho wa mchezo wangu anao yule kijana mwenye ndizi. Nimetafuta namba yake kwa watu watatu, nimeipata, nimemtumia ujumbe kumwomba picha ya karatasi. Alama zinaonyesha ameusoma. Hajajibu bado.